Beji Zilizorudi Bila Herufi ya Kwanza

Neno la Kiingereza ambalo kila mtu wa Busia analijua, hata yule ambaye hakukaa darasani wiki moja, ni Export. Limeandikwa ubavuni mwa malori, limo kwenye mihuri, limo midomoni mwa akina mama wanaovusha vitunguu. Ukilitamka mbele ya mtu wa hapa, mara moja anaona foleni, anaona fomu ya nakala tatu, anamwona wakala wa forodha na kalamu yake sikioni. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla sijalisoma kwa sauti mbele ya fundi wa beji. Sikulikumbuka, na karibu limgharimu kazi ya maisha yake.

Sijui kama nitaandika kwa mpangilio unaotakiwa. Niliishia kidato cha pili. Nilijifunza kupiga taipu, na kompyuta zilipokuja nikajifunza kuzifungua na kuzifunga, mpaka watu wa upande huu wa Kenya wakaanza kuniletea zao zinazougua. Kiswahili cha kuandika, na mikato yake, kinanitia wasiwasi. Kompyuta hazinitii wasiwasi. Nina daftari ninaloandika kila siku nilichofanya, na haya nayatoa humo. Pale ambapo daftari linaninyooshea kidole, sitalifunika.

Fundi wa beji alikuwa jirani yangu wa miaka mingi, duka la nne kutoka langu. Kwao ni Tororo, ng'ambo, lakini mkono wake ulikuwa umetulia Busia. Alikuwa akichora beji za shule kwenye kompyuta, kisha mashine ya kudarizi inazishona juu ya sweta. Ukiona mtoto anakwenda shule asubuhi, awe wa Masaba, wa Majanji au wa upande wetu, kuna uwezekano kwamba kile kilicho kifuani mwake kilitoka kwenye vidole vya mzee huyo. Kila beji alikuwa ameichora mwenyewe, mshono kwa mshono: huu uende kulia, huu urudi, hapa uzi ukatwe. Beji moja ilimchukua siku mbili, nyingine wiki nzima.

Mwaka jana macho yalianza kumwacha. Alinieleza hivi: "Daktari, herufi naziona, lakini zinanicheka tu. Sijui zinasema nini." Aliniita daktari kwa sababu natibu kompyuta, na mimi nilimwita mzee. Hakuweza tena kuchora. Alichokuwa nacho ni zile alizokwisha kuchora, na binti yake, ambaye yuko Tororo na mashine yake ya kudarizi, mpya na nzima. Mpango ulikuwa rahisi: mzee arudi nyumbani, beji zimfuate, binti aendelee kuzishona. Shule moja ya Petta, hukohuko Tororo, ilikuwa imeshatoa oda ya muhula mpya. Mwalimu mkuu wao alitaka beji ileile ya siku zote, bila kubadilishwa hata uzi.

Ugumu ulikuwa kwenye programu. Ile ya kuchorea beji ni ya zamani sana, walioitengeneza hawapo tena sokoni, na haikubali kufunguka kwenye kompyuta za siku hizi. Miaka michache nyuma, kompyuta yake ya kwanza ilipokufa, mimi ndiye niliyemtengenezea njia. Niliweka kompyuta ndani ya kompyuta. Namaanisha hivi: kwenye kompyuta mpya unafungua dirisha, na ndani ya dirisha hilo kuna kompyuta nyingine kamili, ya kizamani, inayodhani iko peke yake duniani. Haina chuma wala waya, ni maandishi tu, lakini inawaka, inazimika, ina diski yake. Programu ya mzee iliishi humo kwa raha. Mzee mwenyewe aliipenda sana habari hiyo. Wateja wakija alikuwa akiigonga kompyuta kwa kidole na kusema, "Huyu ana mimba. Kazi anafanya mtoto."

Sasa mama mwenye mimba alikuwa anakufa. Diski ya kompyuta ilianza kulia tik, tik, kama saa mbovu. Niliisikiliza nikajua. Jambo la kufanya nililijua pia, na nilikuwa nimeshalifanya kwa wengine: unaizima ile kompyuta ya ndani vizuri, unaiambia programu inayoibeba iifunge yote, diski na kila kitu, ndani ya faili moja. Faili hilo unaweza kulibeba mfukoni. Ukifika kwenye kompyuta nyingine, unalifungua, na ile ya kizamani inaamka humo bila kujua kwamba imehama.

Asubuhi ya Jumanne nilikaa kwenye kiti chake, yeye amesimama nyuma yangu. Nikafungua menyu nikasoma kwa sauti, kama ninavyosoma siku zote ili mwenye mali ajue ninachofanya: "Export."

"Export?" mzee akasema.

"Ndiyo. Ndivyo inavyoitwa."

"Kwani iko na ushuru?"

Nilicheka. Nilidhani anatania, kwa sababu ni mtu wa utani. Nikamwambia, "Ushuru utalipa wewe, mzee, ukifika kwa binti yako na mikono mitupu." Naye akacheka. Hapo tukaachana njia bila kujua, yeye na neno lake, mimi na langu.

Kompyuta ilijifunga kwenye faili kwa muda wa chai mbili. Niliandika uzito wake daftarini, kama ninavyofanya siku zote: giga sita na nusu. Kisha nikajaribu kulinakili kwenye flashi yake. Flashi ilikataa. Ilikuwa na nafasi mara nne ya ile iliyohitajika, lakini flashi nyingi zimepangwa kwa namna ambayo haziwezi kupokea faili moja linalozidi giga nne, hata zikiwa tupu. Unaweza kutia madogo mia, lakini moja kubwa haliingii. Ni jambo dogo, na dawa yake naijua.

Nikamweleza mzee. Maneno yangu nayakumbuka, na nayaandika yalivyokuwa, kwa sababu ndiyo shina la makosa. Nilimwambia, "Mzigo ni mkubwa kwa mara moja. Unakataa kupita."

Niliona akitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa kitu kwa undani. Nikafurahi kwamba nimeeleza vizuri.

"Ungekuwa kidogo kidogo?" akauliza.

"Kidogo kidogo ungepita," nikasema, nikaenda dukani kwangu kuchukua diski yangu ya nje ambayo haina ubaguzi huo.

Nilikawia. Kulikuwa na mteja, halafu mwingine. Niliporudi jua lilikuwa limeshapinda. Mzee alikuwa anafunga mabunda ya vitambaa na ya uzi kwa ajili ya safari, jasho linamtoka. Akaniambia bila kugeuka, "Daktari, nimeshakupunguzia mzigo."

Nilitazama mabunda. Kweli yalikuwa yamepungua; mengine alikuwa amempa fundi cherehani wa baraza ya maduka yetu, mama mmoja mcheshi anayeshona gauni. Nikamwambia, "Asante, mzee. Umefanya vizuri." Jamani.

Kwa kuwa nilikuta kompyuta ya ndani imewashwa tena, nikaona si sawa kubeba faili la asubuhi. Labda ameongeza beji. Kanuni ya kazi ni kubeba kilicho kipya. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo nikalifuta la asubuhi, nikaizima ile ya ndani, nikafanya Export upya. Uzito: giga sita na nusu. Niliuandika chini ya ule wa asubuhi, tarakimu zinafanana kama mapacha. Nikanakili kwenye diski yangu, nikahakikisha nakala imefanana na asili, nikazima kila kitu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza.

Niwe mkweli: sikuifungua programu kutazama kama beji zimo. Nilihakikisha gunia, sikuhakikisha mahindi.

Kesho yake tuliondoka pamoja. Pale mpakani kila mtu anapita na lake, na hakuna aliyenisimamisha. Lakini mimi nina ugonjwa wangu. Nikiwa na kitu ambacho sijui kinahesabiwaje, siwezi kupita kimya, moyo unanisuta njia nzima. Mzee naye alikuwa ameniharibu kwa lile swali lake la ushuru. Nikaenda dirishani.

"Una nini, mama?" afisa akauliza. Alikuwa kijana, mpole, hajachoka bado.

"Mashine moja. Ya kompyuta."

"Iko wapi?"

Nikaiweka diski juu ya kaunta. Aliitazama, akanitazama mimi. "Hii ni diski."

"Diski ni yangu, narudi nayo. Mashine imo ndani yake. Inabaki Tororo."

"Ndani yake."

"Ndiyo. Ina diski yake pia. Lakini haishikiki."

Akamwita mwenzake. "Njoo usikie. Mama anavusha mashine isiyoshikika." Mwenzake akaja, akaigeuza diski, akaitikisa karibu na sikio. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Mama mmoja mwenye beseni kichwani akasema, "Dada, kama haishikiki watakushikia nini? Pita, sisi tuna dagaa zinashikika na zinanuka!"

Watu walicheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Yule afisa akanirudishia diski kwa mikono miwili. "Mama, pita salama. Mizani yetu inapima malori. Hiyo yako sina mizani ya kuipima."

Mzee alikuwa amesimama kando, uso umemkauka. Aliponikaribia akanong'ona, "Si unaona? Wanauliza. Afadhali nilipunguza." Nilidhani anasema tena vitambaa vyake. Mara ya pili hiyo! Mtu aliniambia ukweli mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa na jibu tayari kichwani.

Tororo tulifika kabla ya saa sita. Binti yake ana chumba cha kazi chenye dirisha pana, na mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji unaonekana humo kama mtu anayechungulia. Alitupokea kwa kupiga magoti na kwa maneno mengi, akanipa maji ya kunawa na chakula kabla hajaniruhusu kugusa kitu. Kompyuta yake ni nzuri. Nilipachika diski, nikalifungua faili, nikasubiri, nikabonyeza. Ile kompyuta ya kizamani ikaamka, na mlio wake uleule wa kuamkia. Mzee aliposikia mlio huo alipiga makofi. "Mtoto amelia! Mtoto amelia!"

Programu ikafunguka. Binti, ambaye hakuwahi kuigusa, aliomba ajaribu. Nikampisha. Alichora duara, akalihifadhi, akafurahi, akauliza, "Aunti, sasa beji ziko wapi?"

Nikafungua folda ya beji. Ndani mlikuwa na kitu kimoja: duara lake.

Niliifunga folda nikaifungua tena. Mtu hufanya hivyo, sijui kwa nini. Nikatafuta folda nyingine. Nikatafuta kila mahali ambapo beji ingeweza kujificha. Binti alikuwa ananitazama mikono, na mimi nikaanza kuiona mikono yangu mwenyewe kama ya mtu asiyesoma.

"Mzee," nikasema, "beji zilikuwa humu?"

"Zilikuwa."

"Sasa ziko wapi?"

"Si nilikwambia? Nilizishusha."

"Ulizishusha wapi?"

"Huko nje. Kwa kompyuta kubwa. Wewe ulisema mzigo mkubwa inakataa kupita, kidogo kidogo inapita. Basi nikatoa beji nikaacha pale. Nilisema hii mashine iende kwanza, tupu, na export yake. Beji nakuja kuchukua safari ya pili."

Nilielewa yote kwa mara moja. Ndivyo Busia nzima inavyovusha. Gunia likikataliwa, halirudishwi nyumbani, linagawanywa: nusu kwa baiskeli, nusu kwa kichwa, lori linapita tupu. Mzee alikuwa amefanya kwa mashine kile ambacho mtu yeyote mwenye akili hapa angefanya kwa mchele. Kulikuwa na folda moja ambayo nilimtengenezea mwenyewe zamani, ya kupitishia beji kutoka kompyuta ya ndani kwenda ya nje, ili azipeleke kwenye mashine ya kudarizi. Aliiita mlango. Akazihamisha zote kupitia mlango huo, akiangalia kwa macho yale, faili moja moja.

"Baba!" binti akasema. "Kwa nini hukuuliza?"

"Niliuliza! Niliuliza kama iko na ushuru, daktari akacheka!"

"Ni kweli," nikasema. "Aliuliza, na mimi nilicheka."

Nikampigia simu yule mama wa gauni, Busia, ambaye mzee alikuwa amemwachia ufunguo. Nikamwomba awashe kompyuta ya mzee. Tukamsikia anafungua mlango, anavuta kiti, anazungumza peke yake.

"Nimewasha," akasema. "Inalia tik tik. Ngoja. Inalia tena. Sasa imenyamaza."

"Kioo kinaonyesha nini?"

"Kinanionyesha mimi. Ni cheusi ti! Naona kitambaa changu cha kichwa kimekaa upande."

Nilimwomba ajaribu tena. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu hata tik haikulia. Alipokata simu, mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi zimebaki ng'ambo."

Binti akauliza kama ataweza kuzichora upya. Mzee akainua viganja mbele ya macho yake, kama anayejaribu kusoma kitabu, akavishusha. Lilikuwa jibu. Shule ya Petta ilikuwa inafungua Jumatatu.

Nilitoka nje. Nasema ukweli, nilitoka nikiwa na nia ya kukaa huko mpaka nipate maneno ya kuombea radhi. Nikafungua daftari niandike kosa langu kabla sijaanza kulipamba. Ukurasa wa jana ulikuwa juu. Asubuhi, giga sita na nusu. Alasiri, giga sita na nusu.

Nikausoma mara mbili.

Asubuhi beji zilikuwa ndani. Alasiri zilikuwa zimetolewa. Uzito uleule. Pale Busia, lori likija limeandikwa tupu na mizani ikasema lina uzito wa lori lililojaa, hakuna afisa anayegombana na mizani. Anamwambia dereva ashuke, afungue turubai. Mzigo umo.

Nilirudi ndani nikawaita, nikasikia sauti yangu imebadilika, na binti aliisikia pia, maana alisimama. Nikawaeleza, safari hii bila maneno ya mpakani. Ukifuta au ukihamisha kitu kwenye kompyuta, kitu chenyewe hakiondoki hapohapo. Kinachoondoka ni jina lake kwenye orodha. Pale kilipokuwa panaandikwa kwamba ni wazi, anayetaka aje akae. Lakini mpaka aje mtu wa kukaa, kitu bado kimelala palepale. Na faili letu lilibeba diski nzima, pamoja na sehemu zinazosemwa ziko wazi. Mzee alitoa majina. Beji zilivuka na sisi.

"Sasa lile duara langu," binti akasema polepole. Ana akili huyo. "Si limekwenda kukaa juu ya kitu?"

"Huenda."

Akafunika mdomo.

"Usiogope," nikamwambia. Hapo ndipo nilipokuwa na hakika kuliko siku zote nilizofanya kazi hii. "Hii tuliyoifungua ni nakala iliyoamka. Faili lenyewe limelala kwenye diski yangu, halijui habari ya duara." Nikaifuta ile kompyuta ya ndani yote, mbele yao, na mzee akapiga kelele kama nimemchinja kuku wake. Nikalifungua faili upya. Mlio uleule. Duara halikuwepo, halikuwahi kuwepo. Ilikuwa tena Jumanne alasiri, dakika ileile niliyoizima.

"Tunaweza kuharibu mara mia," nikasema. "Kila mara tunarudi hapa."

"Mia usijaribu," mzee akasema.

Nina programu ndogo ya kutafuta vilivyofutwa, ya zamani kama ile kompyuta, na inaelewana nayo. Niliiwasha bila kuhifadhi kitu chochote humo. Ikatafuta. Kisha majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja chini ya lingine, na binti akayasoma kwa sauti, akasita.

"Aunti, yameharibika. Hayana vichwa."

Ni kweli. Mfumo ule wa zamani unapofuta jina, unakula herufi yake ya kwanza. Mzee aliziita beji zake kwa picha zilizomo, majina mafupi, maana programu haikumruhusu marefu. Zilirudi zote zimekatwa vichwa, na kwa kila moja programu iliuliza herufi ya kwanza ilikuwa gani.

"Soma," mzee akasema. Alikuwa ameshainuka kwenye mkeka.

"Hii ni ogoo."

"Jogoo. Shule ya Masaba. Mkia ina rangi tatu."

"Wenge."

"Mwenge! Hiyo nililia nayo wiki mzima, moto haukubali."

"Amaki."

"Samaki. Majanji. Unauliza na hiyo?"

"Hii ni amba. Baba, ni mamba au kamba?"

"Nani anashona kamba kwa kifua ya mtoto? Mamba. Iko na mdomo wazi, meno kumi na mbili."

Nikaiandika M, tukaifungua, nikahesabu. Meno kumi na mbili. Mzee hakuona kioo. Alikuwa amegeukia dirishani, mikono nyuma, akijibu kama mwanafunzi anayejua somo. Binti akawa anamtega sasa, anasoma haraka, na mzee anajibu kabla hajamaliza. Ilifika moja, binti akasoma, "Embe."

Mzee akageuka. "Sema tena."

"Embe. Kuna shule ya maembe?"

"Embe sijawahi kushona. Hiyo ni jembe. Hiyo ni Petta."

Nikaiandika J. Jembe likafunguka kwenye kioo, na kitabu chini yake, na mishono yote katika mistari yake.

Niandike na ambazo hazikurudi, isije ikaonekana nimeficha. Mbili zilifunguka zikiwa nusu, moja ya nyota na moja ya mti, kwa sababu mahali pao palikuwa pameshakaliwa. Hizo ni hasara, na nusu ya hasara ni yangu: neno nililosema, folda ambayo sikuifungua. Nusu nyingine mzee anadai ni yake, kwa kutoniambia wazi. Tumebishana juu ya hilo mpaka leo. Anadai nusu kubwa, namkatalia.

Binti alitaka kuanza kushona papo hapo. Nikamzuia. Tulifunga kwanza, Export tena, na safari hii nilifungua folda, nikahesabu beji mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja ikabaki kwake, moja kwenye diski yangu, ya tatu kwenye diski aliyoazima kwa jirani. Mzee aliuliza kama yangu itapata shida mpakani wakati wa kurudi. Nilimwambia nitapita dirisha lilelile na kumsalimia yule kijana.

Ndipo mashine ya kudarizi ikawashwa. Sweta ya kijani ikabanwa, sindano ikaanza kukimbia, uzi wa njano. Jembe lilitokea kwanza mpini, kisha bapa. Ilipomaliza, binti aliitoa akampa baba yake, na mzee akapitisha kidole gumba juu yake, taratibu, kutoka mwanzo wa mpini mpaka mwisho, akasimama katikati.

"Hapa mpini umepinda," akasema.

Binti akainama akatazama. "Kweli umepinda. Nikunyooshee? Naweza, nimeona pa kubonyeza."

"Acha. Ndiyo ya kwanza niliyochora. Mwalimu mkuu amesema hata uzi usibadilike." Akapitisha kidole tena, palepale penye kupinda, akamrudishia sweta. "Weka ingine."